Kura ya Kaka Kit

Jumatatu, 15 Agosti 1988

Nimeibiwa! Siyo pochi. Kaka.

Nilishuka kununua mkate, nikapita mbele ya duka la kanda za video la mjomba wake Biu, yule rafiki wa kaka yangu. Kwenye kioo kuna karatasi mpya: MASTERINGI KUMI BORA WA NGUMI NA MATEKE, KWA KURA YA MAREHEMU KIT. Wa kwanza, Lui Tit. Lui Tit! Mtu anayevunja ukuta kwa paji la uso kwa sababu hajauona mlango. Tong Hok wangu, anayeangusha watu tisa bila kumwaga chai aliyoishika mkononi, kawekwa wa pili. Tena kwa mwandiko mdogo.

Kura zilikuwa tatu. Yangu, ya Biu, na ya kaka yangu Kit. Kila mwisho wa mwezi tulikaa juu ya kitanda cha Kit tukipanga kumi bora, karatasi ikabandikwa nyuma ya mlango. Mimi na Tong Hok, Biu na Lui Tit, Kit mwamuzi. Kit mwenyewe hakuwa na haraka. Picha ikianza alikuwa anamsubiri tu yule jamaa mwenye masikio makubwa, yule anayepigwa kabla ya watu wote, ili acheke. Mwezi wa pili aliomba muda. Alisema nafasi ya kwanza ni jambo zito. Mwezi wa tatu akalazwa, damu yake ilikuwa mbovu. Mwezi wa nne akafa, hajapiga kura.

Kwa hiyo ni sare, kura moja kwa moja, na nafasi ya kwanza iko wazi nyuma ya mlango wetu. Nani kampa Biu ruhusa?

Niliingia dukani nikamwuliza. Yaani, nilikusudia kumwuliza. Kulikuwa na wateja wawili, sauti ikakwama. Nikakohoa, nikatoka. Biu akapaza sauti nyuma yangu, eti jamani Ling Bubu kaja kutukoholea. Wateja wakacheka.

Kuanzia leo simwiti tena Kaka Biu. Ni Biu, basi. Mkate nimeusahau.

Jumanne, 16 Agosti

Mpango wa kwanza: barua ya malalamiko. Kwa Kiingereza! Nyumbani tunasema Kikantoni, lakini shuleni kwetu hata kuomba kwenda chooni ni kwa Kiingereza, na barua ya malalamiko tumefundishwa muhula mzima. Biu aliacha shule kidato cha pili. Atatafuta kamusi. Atatoka jasho.

Nimeweka "masikitiko yangu makubwa" mara mbili. Nimeipitisha chini ya mlango wa duka, nikakimbia.

Jumatano, 17 Agosti

Barua yangu iko kwenye kioo cha duka. Karani mmoja wa benki, mteja wa Biu, ameisahihisha kwa kalamu. Alama sita kwa kumi. Ameandika nijitahidi.

Chini yake Biu kajibu kwa Kichina, herufi kubwa, mtaa mzima usome. Eti Kit alimwambia mwenyewe, hospitalini. Kama mimi aliniambia vingine, nije niseme.

Hapo ndipo aliponichoma. Mimi Kit hakuniambia kitu. Nilikwenda kila Jumapili. Wodi imejaa wanaume, wote wananitazama. Nilisimama miguuni pa kitanda nikamwuliza, umekula? Akasema nimekula, wewe je? Nikasema nimekula. Kisha nikatazama viatu vyangu mpaka kengele ikalia. Kila Jumapili hivyohivyo. Ile ya mwisho nilijitahidi, nikaongeza swali: uji gani? Akasema wa samaki.

Basi. Biu ana neno la mwisho la kaka yangu, mimi nina uji wa samaki.

Lazima anadanganya. Akiwa hadanganyi, sijui nitafanya nini.

Ijumaa, 19 Agosti

Mpango wa pili: mungu mwenyewe aamue. Nilimsindikiza Bibi hekaluni. Yeye alikwenda kuombea mgongo wa Mama. Mimi nikachukua vile vibao viwili vya kumwulizia mungu, vya umbo la mwezi mchanga, nikapiga magoti, nikanong'ona: kama Kit anamchagua Tong Hok, kubali. Nikarusha.

Pande bapa zote mbili juu. Maana yake mungu anacheka. Nikarusha tena. Anacheka. Mara ya tatu nikaeleza vizuri zaidi, nikataja na ile chai isiyomwagika. Akacheka!

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akaniuliza, wewe binti, umemwambia nini huyu mungu? Tangu asubuhi kanuna, kawakatalia watu wote. Akanisihi nisiondoke, nibaki hapohapo pembeni wakati anarusha vyake, maana mume wake anapasuliwa Jumatatu. Akarusha. Kimoja juu, kimoja chini. Kakubaliwa! Akanikumbatia, akanipa chungwa.

Nimelila kwa hasira. Lilikuwa tamu.

Jumapili, 21 Agosti

Mpango wa tatu, na huu ni wa uhakika: rushwa.

Ijumaa ijayo ni siku ya kuwachomea mizimu. Mwezi huu wote mizimu inatembea, na Bibi ameshapiga marufuku kuanika nguo jioni na kupiga miluzi ndani ya nyumba. Watu wote watachoma vitu vya karatasi barabarani, viwafikie wafu wao, na Kit hajachomewa kitu tangu mazishi. Hakuna wa kumchomea. Mkubwa hamwombolezi mdogo, ndiyo mila yetu. Mama hakuruhusiwa hata kumsindikiza makaburini, alibaki jikoni. Bibi naye. Baba tulishamzika zamani. Ndugu mdogo ni mimi peke yangu, kwa hiyo ni kazi yangu. Mimi, ninayeshindwa kununua mkate.

Nimekwenda kwa Mzee Fok, anayetengeneza nyumba na suti za wafu kwa mianzi na karatasi. Nikamwagiza deki ya video na kanda tisa. Akauliza deki ya aina gani. Nikasema yoyote, mradi isitafune kanda kama yetu. Akauliza kanda za nani. Tong Hok, zote tisa. Lui Tit hata moja! Kit atatazama Tong Hok peke yake mpaka akili imrudie. Halafu atanijia ndotoni aseme, Ling, ulikuwa sahihi.

Mzee Fok akaniambia Biu naye kapita jana na kuagiza kitu kikubwa. Kitu gani? Akasema hasemi mambo ya wateja. Nimetoka na wasiwasi.

Ijumaa, 26 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Jengo zima lilikuwa chini, kila familia na debe lake la moto. Bibi aliniwekea tofu na machungwa ya mizimu kando ya barabara, akapanda ghorofani bila kugeuka. Mama alibaki juu akiosha vyombo. Alifungua bomba mpaka mwisho, maji nikayasikia kutoka ghorofa ya tatu. Vyombo vilishaoshwa tangu mchana.

Nikapiga magoti, nikataja jina la Kit kwa sauti ya mbu, nikachoma deki na kanda zote tisa. Zilikwenda haraka sana. Nilidhani zitachukua muda.

Mara Biu huyo, kabeba kitu kimefunikwa shuka. Nikamwambia haruhusiwi, kamzidi Kit miezi miwili, mkubwa hampigii mdogo magoti. Akasema yeye hapigi magoti, kachuchumaa tu. Tena anawachomea mizimu wapita njia wasio na kwao. Kit akiwa anapita hapa kwa bahati, hayo ni yao wenyewe.

Akafunua shuka. Televisheni! Ya rangi, kubwa kama kabati, na antena yake.

Nikaicheka moyoni. Televisheni bila deki, aone nini? Taarifa ya habari? Halafu nikagutuka. Nilikuwa nimemchomea kaka yangu deki bila televisheni. Angekaa nayo mapajani, akiitazama.

Biu akayaangalia majivu yangu, akauliza nimechoma nini. Nikasema deki. Kisha akauliza, waya uliweka? Nikasema Mzee Fok kaweka. Biu akaisukuma televisheni yake motoni, polepole, akasema basi ataona picha.

Tukakaa ukingoni mwa barabara tukipepea moshi. Biu akasema bila kunitazama kwamba Kit hakumtaja Lui Tit.

Nikaruka! Tong Hok, basi! Akasema wala Tong Hok. Alimtaja yule wa masikio. Biu alimwambia aache utani, yule si steringi, hata jina hatulijui. Kit akamjibu, na haya nayaandika kama Biu alivyoyasema: "Steringi hafi, sawa. Kutokufa ni kazi gani? Yule anakufa picha haijakolea, na picha inayofuata unamkuta kasimama, kavaa shati lingine, anasubiri kupigwa. Mpe yeye ya kwanza."

Biu alitaka kuandika hivyo kwenye kioo. Kila aliposhika kalamu alishindwa. Mwisho akaandika Lui Tit. Akasema pia alijua nitakuja kugomba, maana tangu msiba sijasema neno na mtu, na kukohoa si haba.

Nikamwuliza, mimi Kit alinitaja? Akasema alinitaja. Alisema, Ling atapinga, atadai yeye ndiye aliyemwona yule jamaa kwanza.

Lakini ni mimi niliyemwona kwanza! Nikamwambia Biu hivyo. Akaanza kucheka, kisha hakikuwa kicheko tena. Nikampa chungwa la mizimu. Nikasema, kula, Kaka Biu. Limenitoka tu.

Jumapili, 28 Agosti

Tumekwenda sinema, picha mpya ya Lui Tit. Tulikata tiketi tatu. Kiti cha katikati tuliweka mfuko wa mbegu za tikiti.

Ukumbi ulijaa. Bwana mmoja mnene akataka kukaa hapo. Biu akasema kuna mtu. Bwana akasema picha imeshaanza, mtu gani huyo? Biu akababaika. Nikasema mimi, kwa mdomo wangu: yupo, amekaa. Yule bwana akautazama ule mfuko, akakumbuka huu ni mwezi gani. Akakiomba kiti radhi! Kwa mikono miwili! Akaenda kusimama nyuma kabisa.

Wa masikio alikuwa mlinzi wa lango. Akadondoka kutoka mnarani kabla sijamenya mbegu ya kwanza. Amekufa. Nikaacha kufuata hadithi. Lui Tit alivunja kuta zake, watu wakashangilia, mimi natafuta masikio tu.

Katikati ya picha, kwenye mkahawa, mhudumu akaleta birika. Ana masharubu ya bandia. Masikio yaleyale!

Nikasimama juu ya kiti nikapiga kelele: "Yupo! Amesimama!" Mimi! Ukumbi mzima ukanizomea, kaa chini we kichaa, mwingine akauliza nani kasimama, mbona wote wamesimama. Maganda ya mbegu yakanijaa kichwani. Biu akapiga makofi peke yake.

Mhudumu akatupwa dirishani pamoja na birika lake.

Tulisubiri mpaka mwisho tuone kama atarudi mara ya tatu. Hakurudi. Majina yakapita, mengi, madogo, haraka, hatukujua lipi ni lake. Taa zikawaka. Wafagiaji wakafika hadi mstari wetu, wakauliza tunamsubiri nani.

Jumatatu, 29 Agosti

Karatasi mpya iko nyuma ya mlango. Wa kwanza: Wa Masikio. Biu kabandika kama hiyo dukani, na wateja wanalalamika.

Mama aliisoma akiwa na kikapu cha nguo. Akauliza huyu wa kwanza ni nani. Nikasema ni chaguo la Kit. Pembe moja ilikuwa imebanduka. Akachukua punje ya wali kwenye sufuria, akaibandika, akaishikilia kwa kidole muda mrefu kuliko wali unavyohitaji.

Sasa tatizo. Nafasi ya pili! Mimi Tong Hok, Biu Lui Tit. Sare tena. Biu anasema turushe sarafu yaishe. Nimekataa kabisa. Sheria ni sheria, kura ni tatu, na ya Kit bado.

Kwa hiyo nina mpango, na safari hii hauna kasoro. Nimerudi kwa Mzee Fok nikamwagiza simu ya karatasi. Akauliza ya kuzungusha au ya vitufe. Ya vitufe, mimi sina subira ya kungoja. Nimemwambia aandike namba yetu ubavuni, huenda ameisahau. Nitaichoma kimyakimya, Biu asijue, halafu nitahamishia stuli yangu karibu na simu yetu ya ukutani.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo, nini nitamwambia akipiga. Nimepanga kumwingia na Tong Hok moja kwa moja, bila kupoteza muda.

Nimejaribu tangu mchana. Kila nikifungua mdomo linatoka lilelile. Umekula?