Mabaraza Mawili Hayatazamani

Inatangazwa kwa furaha, na asiyefurahi ajitazame mwenyewe, kwamba mwaka ule wa themanini na saba mji wetu mdogo wa Mzambarauni, mbele kidogo ya Kisauni, ulipata neema ambayo miji mikubwa ingali inaililia. Ulipata Karani mwenye akili kuushinda mji wenyewe.

Jina lake Bwana Idarus. Alikuwa mtoto wa hapa hapa, akasomeshwa bara, akarudi na suti na Kiswahili kilichopigwa pasi. Hakusema "njooni", alisema "mnaombwa kuhudhuria". Hakusema "tokeni", alisema "mnaombwa kutohudhuria". Watu walimshukuru, maana kabla yake hawakujua kwamba kufukuzwa nako kwaweza kuwa na adabu.

Ofisi yake ilikuwa duka lililokuwa likiuza mafuta ya taa. Lilikuwa na mlango wa bati na kidirisha kimoja, na juu ya mlango kibao kipya kilichoandikwa BARAZA LA MJI. Ng'ambo ya njia, uso kwa uso, ilikuwa nyumba ya Bi Mwanasiti, na mbele ya nyumba hiyo baraza la mawe alilolijenga marehemu mumewe kwa matumbawe na chokaa, chini ya upenu wa makuti.

Bi Mwanasiti aliuza mbaazi na mahamri barazani hapo kila asubuhi. Aliyenunua alikaa. Asiyenunua alikaa pia. Jirani yake Dorcas, fundi wa nguo, alileta cherehani yake pale kwa sababu nyumbani kwake hamna mwanga. Na Mzee Kahaso, ambaye mguu wake mmoja ulikataa kazi, alipumzika hapo kila alipotoka zahanati, kwa kuwa toka zahanati mpaka kwake hapakuwa na mahali pengine ambapo mtu kama yeye angeweza kukaa na kuinuka tena. Mzee Kahaso hakuwahi kununua kitu. Kila siku palikuwa na bakuli la mbaazi karibu yake, limewekwa kama lililosahauliwa na mwengine, ili asipate tabu ya kushukuru.

Basi ikashuka amri kutoka juu. Amri hushuka tu, haijaonekana bado amri iliyopanda. Ilisema kwamba hakuna baraza litakalofanywa popote bila kuandikishwa, nalo liwe na mwenyekiti, katibu na kumbukumbu.

Waliokuwa huko juu walikuwa na maana ya mikutano. Lakini Bwana Idarus alichungulia kidirishani, akatazama njia nzima, akaona mabaraza. Kila nyumba ina lake, na kila moja limejaa watu.

"Lahaula!" akasema, maana akishituka Kiswahili cha nyumbani humtoka. "Mji mzima unakutana!"

Siku ile ile akatoka na Gona, askari wa mji, mtu mkubwa mwenye moyo mdogo, aliyebeba ndoo ya chokaa ya kutilia alama. Kulitokea wajanja. Mmoja aliapa kwamba lake si baraza, ni ngazi iliyonenepa. Karani akawakata maneno kwa kifungu alichokitunga papo hapo, akakisoma nyumba kwa nyumba: "Baraza ni mahali pa mawe, mbele ya jengo, penye kivuli, panapokalika na watu." Hapo hata ngazi ikanyamaza.

Wakafika kwa Bi Mwanasiti.

"Shikamoo, Bi Mwanasiti."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Mbona umesawijika hivyo? Umekula?"

"Siwezi kuketi. Nikiketi nitakuwa nimehudhuria."

"Hudhuria kidogo basi. Na wewe Gona, tua hiyo ndoo, mkono utang'oka."

Gona akatua ndoo. Karani akamtazama. Gona akaibeba tena.

"Mwenyekiti wa baraza hili ni nani?"

"Kiti hatuna, baba. Tuna mawe."

"Lazima pawe na mwenyekiti, na mwenyekiti lazima awe na kiti. Ndiyo maana ya neno."

Bi Mwanasiti akafikiri. Hakutaka kumvunja moyo mtoto wa watu. "Nina mbuzi," akasema.

"Mnyama?"

"Aka! Mbuzi ya kukunia nazi. Ndiyo nikaliayo tangu niolewe."

Karani akaikagua ile mbuzi, akaijaribu miguu yake mmoja mmoja, akatangaza kwamba ni kiti, chenye jino. Bi Mwanasiti akawa mwenyekiti hapo hapo, pakacha la nazi likiwa bado mkononi. Dorcas akawa katibu, kwa kuwa alikuwa na penseli sikioni.

"Na huyu?"

"Huyu ni Mzee Kahaso."

"Wadhifa wake?"

"Mguu wamuuma."

"Huo si wadhifa."

"Ungekuwa wako ungeujua," akasema Mzee Kahaso.

Akaandikwa Kamati ya Mambo ya Nje, kwa kuwa alikaa mwisho kabisa, karibu na njia.

Tangu hapo Mzambarauni ukastaarabika sana. Hapakuwa na mtu wa kupayuka ovyo.

"Mwenyekiti, Kamati ya Mambo ya Nje yaomba maji."

"Nani aunga mkono?"

"Mimi."

"Apinga nani? Basi mpeni, na muitie mdalasini ile chai yake, kikohozi hicho si kizuri."

"Mdalasini haumo kwenye ajenda, Mwenyekiti."

"Ajenda haikohoi, Dorcas."

Umbeya nao ulipewa heshima yake, ukawekwa mwisho, penye Mengineyo. Ajenda nyingine zote zilipita mbio kama mtu anayekimbia mvua, wajumbe wapate kuyafikia Mengineyo wakiwa na nguvu. Wazee walikiri kwamba hawajawahi kuteta kwa utaratibu mzuri kama huo.

Lakini wema ukizidi huzaa dhiki. Sheria ilitaka kila kikao kifungwe kwa kusomwa kumbukumbu, kwa sauti ya kusikika. Dorcas alikuwa kiongozi wa kwaya ya kanisa lao. Alisikika. Na sheria ilitaka kiandikwe kila kilichoonwa, na wajumbe wa Bi Mwanasiti, wakiwa wamekaa pale walipokaa, walichokuwa nacho cha kukiona kilikuwa kimoja tu.

"Karani aliwasili," alisoma Dorcas siku hiyo, na sauti ikavuka njia. "Alifungua mlango. Aliingia. Alifunga mlango kwa ndani. Pakawa kimya hadi alasiri. Mjumbe mmoja aliuliza kama yu hai. Mwenyekiti alisema pengine anafikiri. Wajumbe wakamuombea."

Watu waliosimama penye kidirisha na shida zao, wameshika kofia mikononi, wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka hapo.

Kesho yake Karani akatoa kifungu kipya, akakibandika mlangoni: "Mabaraza mawili hayatazamani. Yakitazamana, lisilo halali livunjwe." Hakutaja ni lipi. Hakuona haja. Haijatokea bado serikali ikawa ndiyo isiyo halali.

Gona akatumwa kutia alama ya chokaa. Aliitia ndogo, pembeni, mahali ambapo haitamuudhi mtu.

"Ni lini?" akauliza Bi Mwanasiti.

"Jumatatu, bibi. Atakuja na Mkaguzi wa Mkoa aone. Karani ataka asifiwe."

Siku hiyo kikao hakikwenda vizuri. Dorcas aliacha sindano hewani. Bi Mwanasiti alikuna nazi mpaka akafika kwenye kifuu, akaendelea kukuna.

"Nitakaa chini, Bi," akasema Mzee Kahaso. "Mchanga hauvunjwi."

"Ukikaa chini, nani atakuinua?"

Mzee Kahaso akatazama mguu wake.

"Twende tukamsihi," akasema Dorcas. "Tumwambie walivunje nusu, watuachie pa Mzee."

"Nilikwenda leo asubuhi," akasema Bi Mwanasiti. " Nimepiga hodi nikachoka. Yuko kufikirini."

Jumatatu Gona alifika mapema, peke yake, na nyundo kubwa begani. Alisimama kama mtu aliyekuja kuposa na hana mahari.

"Kunradhi, bibi. Mimi nimetumwa."

"Najua, mwanangu. Kula kwanza. Kuvunja mawe kwataka nguvu."

Gona akala. Machozi yalimlenga, akasingizia pilipili. Mbaazi za Bi Mwanasiti hazikuwa na pilipili, na hakuna aliyemwambia.

Landrova ya Mkoa ikafika jua likiwa limeshakoza. Akateremka Mkaguzi, mtu mnene mwenye viatu vipya vilivyomtesa. Karani akamkaribisha ofisini. Mkaguzi akatia kichwa katika giza la bati lile, hakuona kitu, akakitoa, kimeiva.

"Hapakaliki humo. Pana pahala pa kukaa?"

Macho yake yakavuka njia, na miguu ikayafuata. Akaketi barazani kwa Bi Mwanasiti, akavua kiatu kimoja, akapumua. Bakuli la mbaazi likawekwa karibu yake, kama lililosahauliwa. Akalimaliza. Watu wa mtaa wakaanza kujaa njiani, maana kuvunjiwa mtu nyumba ni msiba, na msiba hauitwi.

"Mahali pazuri," akasema Mkaguzi. "Sasa n'onyeshe hilo baraza bovu tulivunje, nirudi zangu Mombasa."

"Umelikalia, Mheshimiwa."

Mkaguzi akainama, akalitazama. Kisha akatoa mfukoni vifungu vya Bwana Idarus, alivyoletewa kwa sifa, akavaa miwani. Alikuwa mtu wa sheria. Hakuwa na maarifa mengine yoyote.

"Baraza ni mahali pa mawe," akasoma. Akapiga jiwe kofi. "Mawe yapo. Mbele ya jengo. Ndiyo. Penye kivuli. Alhamdulillahi. Panapokalika na watu. Nimekaa. Mwenyekiti?"

"Ndimi, baba. Na kiti changu hiki hapa. Angalia jino."

"Kumbukumbu?"

Dorcas akasimama, akakohoa, akajaza kifua.

"Hapana haja ya kusoma!" akasema Karani upesi.

"Basi baraza hili ni halali," akasema Mkaguzi. Akaligeukia lile la pili, akiwa ameketi vile vile. "Mawe? Sioni. Kivuli? Nimekitafuta kwa kichwa changu mwenyewe. Kukalika? Hata. Kwa kifungu chako, Bwana Karani, lisilo halali ni lile."

"Mheshimiwa! Lile ni serikali!"

"Sikukataa. Nakuuliza, ni baraza ama si baraza? Kama si baraza, basi amri zako zote zimetoka dukani, na duka la mafuta ya taa haliwezi kuvunja mawe ya mtu. Tutazifuta hapa hapa, kila mtu ende kwake. Kama ni baraza, ni bovu, livunjwe. Chagua."

Jasho likamtoka Karani. Mbele yake walikuwa watu wote aliowaweka juani penye kidirisha chake, na wote walikuwa wakimngoja yeye, kwa adabu, kama alivyowafundisha.

Bi Mwanasiti aliinuka penye mbuzi yake, akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa:

"Sema ni duka, mwanangu. Duka halina aibu. Babako alikuwa na duka, na alikuwa muungwana. Sema, yaishe. Na amri zako zife kifo chema."

Karani alimtazama. Mdomo ulifunguka, na kwa muda kidogo alifanana na yule kijana aliyekwenda bara. Kisha akakiona kibao chake juu ya mlango, herufi zake mpya zikiwaka juani. Akanyoosha shingo.

"Ni Baraza," akasema. "La Mji."

"Msimamo mzuri," akasema Mkaguzi, akavaa kiatu chake. "Askari!"

Gona alishika nyundo. Aliinamisha kichwa kwa Mwenyekiti, akavuka njia. Hakuwa na haraka, lakini ilionekana kwamba pilipili imemtoka machoni. Pigo la kwanza liliangusha kibao. La pili likaangusha mlango, nao ukuta wa mbele, ambao ulikuwa udongo mtupu uliopakwa rangi ya serikali, ukaufuata wenyewe bila kuombwa.

Vumbi lilipotua, mji wa Mzambarauni ukaiona serikali yake kwa ndani. Hapakuwa na meza. Palikuwa na kitanda cha kamba, kimetandikwa vizuri, na juu yake mto, na mto huo ulivikwa foronya nyeupe iliyotariziwa kwa nyuzi nyekundu: LALA UNONO.

Hakuna aliyecheka. Kulikuwa na kicheko kikubwa mno, kikawakwama watu kooni. Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma maneno yale tangu mwanzo, kama kifungu. Kisha akauliza kama foronya imeandikishwa.

Bi Mwanasiti ndiye aliyevuka njia. Akapita juu ya udongo, akauchukua mto ule, akaung'uta vumbi kwa kiganja, akauvua foronya yake taratibu, asije akaukata uzi.

"Kazi nzuri hii," akasema. "Yataka kufuliwa tu. Gona, usivunje kitanda, mwanangu. Mtoto wa watu atalala wapi?"