Tundu la Seva na Mbalamwezi

Alhamisi, 4 Septemba

Barua pepe imeingia asubuhi. Ile programu ya lango, inayopokea maombi yote kabla hayajafika kwenye seva ya ushirika wetu wa wavuvi, ina tundu. Mtu wa nje anapenya bila nywila! Dawa, yaani kiraka cha programu, imeshatolewa; kuiweka ni dakika kumi. Gladness, msaidizi wangu, akataka tuiweke leo leo. Nikamwambia atulie. Jumanne kamati inachagua mkuu wa mitambo. Nitaliziba mbele yao, kwenye projekta, wanione. Tundu lililozibwa kimyakimya halimpandishi mtu cheo.

Ijumaa, 5 Septemba

Gladness kaja tena. Eti daftari la safari limo humo: nani yuko ziwani na upande gani, nani karudi. Nikamcheka. Ni mbalamwezi! Dagaa hawafuati taa, mitumbwi imelala mwaloni, pale ufukweni, daftari halina mtu. Mwizi ataiba nini? Sikupenda alivyonitazama.

Jumamosi, 6 Septemba

Mungu wangu. Saa nne asubuhi ziwa limechafuka ghafla. Agutu kapiga simu analia: mume wake, Owiti, katoka alfajiri na watu wanne kutega ndoano za sangara. Sangara! Hao hawavuliwi kwa taa, na sikuwawaza kabisa. Nafungua daftari: jeupe. Mtu kaingia, kafuta kila kitu. Boti ya uokoaji imewasha injini, inangoja niseme upande gani. Mzee Chenge, mwenyekiti, kasimama nyuma yangu. Shikamoo yangu hakuiitikia. Ndipo Gladness akatoa karatasi mkobani. Tangu Alhamisi alikuwa akichapa orodha kila asubuhi, kwa kuwa hakuniamini; ya leo ina Owiti na upande alioelekea. Saa nane wameletwa, wote watano, wamelowa chapachapa. Nimelia chooni.

Jumanne, 9 Septemba

Kamati imekaa. Gladness ndiye mkuu wa mitambo, mimi msaidizi wake. Mzee Chenge kasema nimshukuru Mungu Agutu hajawa mjane. Namshukuru, kweli kabisa. Nimeapa mbele ya wote kwamba sitachelewesha tena hata dakika moja.

Jumatano, 10 Septemba

Barua pepe nyingine. Programu ileile, tundu jingine, baya kuliko la kwanza. Gladness yuko msibani Kisesa mpaka Ijumaa, na barua bado zinaingia kwangu. Dawa ipo. Dakika kumi.

Nimefikiri sana. Siku mbili si nyingi. Ijumaa nitamwita Mzee Chenge, nimwonyeshe tundu ambalo mkuu wake mpya hakuliona.