Siku Obwocha Alipoendesha Vitz

Habari ilitoka kwenye redio ya Nyanchama, ile aliyoifunga kwa kamba ya mpira isimwage betri. Mtangazaji alisema kwamba huko Nyamira gari limeacha barabara, likavunja ukuta wa duka la majeneza, na dereva akapatikana ameketi ndani ya jeneza, mzima wa afya, akiuliza kama kuna mtu ameona kiatu chake cha kushoto. Halafu yakaingia matangazo ya mbolea. Gari lilikuwa la aina gani, hakusema.

Hapo ndipo Jumapili yetu ilipoharibika.

Benchi letu liko Kenyenya, mbele ya kibanda cha chai cha Nyanchama, mahali barabara inapopinda. Ukikaa pale unamwona kila dereva pamoja na dhambi zake. Mimi ni fundi wa cherehani, wananiita Bobini.

"Hiyo ni Vitz," akasema Obwocha kabla hata hajameza chai. "Naapa. Vitz ya mwanamke."

Obwocha ni mume wa Nyanchama, na ni dereva wa Probox ya kubeba abiria. Tunamwita Mbawa, kwa sababu akifika kwenye kona magurudumu yake mawili huwa yanapumzika.

"Umejuaje, Mbawa?" akauliza Gladys. Huyu ni mwalimu wa darasa la nne, na Vitz yake ya bluu ilikuwa imeegeshwa hatua kumi kutoka pale. Tunamwita Madam Indiketa. Akitaka kukata kona kesho, anawasha leo.

"Vitz ikiona duka inaingia tu. Imezoea kupelekwa sokoni."

"Kwani Probox haingeweza kuingia?"

"Probox ingeingia, Madam, lakini ingetokea upande wa pili na abiria wawili wapya na jeneza moja kwenye keria!"

Benchi likacheka mpaka mguu wake mmoja ukazama kwenye tope.

"Mimi nasema ni Subaru," akasema Mzee Abner. Abner ni mzee wa kanisa, Msabato wa kweli, mtu wa sauti ya chini. Jina lake la kijiweni ni Amina, maana yeye ndiye hufunga mijadala. "Hao vijana wa Subaru hawana breki mguuni, wana hasira. Juzi mmoja alipita nje ya kanisa tukiwa kwenye sala ya toba. Alivyovuma, watu wakadhani ni parapanda. Wawili waliungama mambo ambayo hakuna mtu alikuwa amewauliza."

"Nyinyi mnabishania gari za chini," akasema Job. Job amegombea kiti cha wadi mara mbili na kushindwa mara mbili, lakini Prado lake bado halijapata habari, na yeye bado ni Mheshimiwa. "Umeshasikia Prado imeingia dukani?"

"Itaingiaje, Mheshimiwa?" Gladys akamgeukia. "Prado haitoki katikati ya barabara! Mnaendesha kama ule mstari mweupe mliachiwa na babu zenu. Mtu akitaka kupita, aende mahakamani kwanza."

"Hiyo inaitwa uwepo, Mwalimu. Uongozi ni uwepo."

"Uwepo, na mafuta ya shilingi mia tatu."

Mheshimiwa akajifanya anasoma simu. Basi simu ikamwokoa, maana video ilikuwa imeshafika kwenye kundi la wadi. Tukamrundikania vichwa. Lile gari lililokuwa limekumbatia majeneza lilikuwa na kibandiko kikubwa cha herufi L nyuma.

"Gari ya shule ya udereva!" akapiga kelele Obwocha. "Si nilisema? Mwanafunzi! Na mwanafunzi ni mwanamke, wekeni hiyo kwa maandishi."

"Sikiliza kwanza," nikamwambia.

Kwenye video msichana mmoja alikuwa amesimama kando na daftari lake, akieleza kwa utulivu. Yeye ndiye mwanafunzi. Alikuwa amekaa kiti cha abiria. Mwalimu wake, aliyekuwa kwenye usukani, alikuwa amemwambia: angalia, nakuonyesha jinsi kona inavyokatwa.

Gladys alicheka akakosa pumzi. Nyanchama naye alicheka, ila kicheko chake kikakatika mapema. Akaweka birika chini.

"Baba Kwamboka," akamwambia mumewe, "mwalimu mwanaume ameingia kwa majeneza, na ataendesha tena kesho. Mimi nilipita mtihani wa udereva, ni miezi mitatu sasa, sijagonga hata kuku. Ufunguo umeuficha wapi?"

Sote tulijua. Leseni ya Nyanchama ilikuwa ndani ya kabati la vioo, katikati ya mandazi, ili kila mteja aione. Na ufunguo wa Probox ulikuwa ndani ya soksi ya Obwocha, ili Nyanchama asiuone. Kila asubuhi alikuwa anabeba majani ya chai kichwani hadi kituo cha kununulia, na Probox la nyumbani kwake likimpita na kumpigia honi ya salamu.

"Mama Kwamboka, Probox si gari ya kujaribia," akasema Obwocha. "Probox inataka kifua. Kuna gia, kuna matuta, kuna watu wabaya barabarani. Mwanamke aanze na kitu kidogo, kama hiyo biskuti ya Madam."

"Biskuti?" Gladys akasimama. "Mimi nimejifunza na pikapu ya baba yangu ya kubeba majani chai, gia zake ukizitafuta unatoa jasho! Lete ufunguo. Naenda na Probox yako mpaka kiwanda cha Itumbe na kurudi. Wewe chukua hiyo biskuti. Nikirudi bila mkwaruzo, Nyanchama anaendesha kuanzia leo."

"Na ukikwaruza?"

"Nauza Vitz, natembea kwa miguu mpaka nistaafu."

Mchezo ukawa si mchezo. Nyanchama alikuwa ameshika kitambaa cha meza kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe. Obwocha alitutazama mmoja mmoja akitafuta wa kumtetea, akamkosa. Akainama, akavua kiatu, akatoa ufunguo kwenye soksi. Gladys aliupokea kwa leso.

Mzee Abner akapangwa kuwa shahidi ndani ya Probox. Mimi nikaingia Vitz na Obwocha. Mheshimiwa akabaki, akasema anasimamia uchaguzi.

Vitz haina klachi, na mguu wa kushoto wa Obwocha haukuwa umearifiwa. Tulitembea mita ishirini hivi, mguu ule ukaamua kubadilisha gia. Ukatafuta klachi, ukapata breki, ukaikanyaga kwa nguvu zote za miaka kumi na minne ya kazi. Mimi nikaibusu dashibodi.

"Ni nini hiyo?"

"Breki, tata," nikamwambia, yaani baba, tunavyoitana kwa heshima huku kwetu.

"Nani ameiweka hapo?"

Tulibusu dashibodi mara nne kabla hajaukunja ule mguu chini ya kiti kama mtu anayeficha mbwa. Probox lilikuwa limeshapotelea kwenye vumbi. Obwocha akaongeza mwendo, na hapo nyuma yetu ikaanza honi. Lilikuwa lori la mchanga, likatufuata karibu mpaka nikaweza kusoma aya ya Biblia iliyoandikwa juu ya kioo chake.

"Anataka nini huyu? Barabara si yetu sote?"

"Anaona Vitz," nikamwambia. "Anadhani utaogopa."

Obwocha akaogopa. Alisogea kando mpaka majani ya nyasi yakaingia dirishani. Lori likapita, kisha pikipiki tatu zikapita upande wa kushoto, mahali pasipo na barabara, na kila mwendeshaji akageuka kutuangalia kwa huruma. Kisha likaja Probox jeupe, mbio, kiwiko cha dereva nje. Lilipotufikia, dereva akatoa kichwa bila hata kutazama ni nani aliye kwenye usukani.

"Mama! Toka barabarani! Enda upike!"

Likapotea.

Obwocha alilitazama vumbi lake likitua.

"Huyo ni Fred, yule kijana niliyemfunza Probox," akasema. "Bobini, huyo ni Fred! Hayo maneno nimemfundisha mimi!"

"Mwanafunzi mzuri."

"Ameniita mama."

"Nimesikia."

"Na mimi naenda vizuri tu!"

Kutoka hapo akawa mtu mwingine. Aliwasha indiketa kwa kila kona, hata zile za watu wengine. Alisimama ng'ombe wapite, na ng'ombe walipomaliza akangojea mchungaji wao. Mikono yake ilishika usukani kama mtu aliyeshika sahani ya mchuzi. Tulipogeuka pale kiwandani Itumbe, harufu ya chai imejaa hewani, alikuwa ameitwa mama mara tatu na shangazi mara moja. Hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni. Walitazama gari.

"Bobini," aliniambia tukirudi, sauti imeshuka, "Madam hupitia haya kila siku?"

"Kila siku, na bado anafika shule kabla ya kengele."

Akawasha indiketa, ingawa hapakuwa na kona.

Tulipofika kijiweni, Probox halikuwepo. Hatukuwa tumepishana nalo pia. Nyanchama alisimama katikati ya barabara, mkono juu ya macho. Mheshimiwa alikuwa ameshaanza kutunga risala za rambirambi.

"Mwalimu alikuwa nguzo ya wadi hii..."

"Nyamaza, Mheshimiwa!" Nyanchama akamfokea. Nilimwona Obwocha akimtazama mkewe. Angeweza kusema, si niliwaambia? Maneno yalimfika mdomoni. Akayameza, akaenda akasimama karibu naye.

"Atakuja, Mama Kwamboka. Barabara ni mbaya tu. Madereva ni wabaya."

Ndipo tukasikia honi. Ilikuwa honi ya Probox, ndefu, isiyo na haya. Gari likatokea kwenye kona, limeinama nyuma kama mbuzi anayetaka kukaa. Gladys alikuwa kwenye usukani, leso imefungwa kichwani, kiwiko nje ya dirisha. Mzee Abner, mzee wa kanisa, mtu wa sauti ya chini, alikuwa ametoka nusu mwili kwenye dirisha la kushoto akipiga bati kwa kiganja.

"Kenyenya, Kenyenya, Nyacheki! Wa Nyacheki bakini ndani! Mama sogea, mmoja anatosha hapo, Bwana ni mwema!"

"Ee Nyasae, Mungu wangu," akasema Nyanchama.

Nilihesabu watu kumi na mmoja, mikungu miwili ya ndizi na kuku mmoja kwenye kapu.

"Mwalimu!" akalia Obwocha. "Tulisema Itumbe na kurudi! Tulisema abiria?"

"Sikukusudia!" Gladys alikuwa anacheka mpaka machozi. "Kulikuwa na mama mmoja na ndizi zake. Nikasimama. Obwocha, ukisimama na Probox mara moja, imekwisha! Wanaingia kwa madirisha! Na nilipotaka kukataa, Mzee Abner alikuwa ameshawapanga. Ikabidi tuzungukie ile njia ya juu, kwao hao abiria."

Sote tukamgeukia Abner.

"Roho ilinisukuma," akasema, akifuta jasho. "Nafasi ilikuwepo."

Obwocha akalizunguka gari akiwa ameinama. Alipapasa mlango kwa mlango, bampa kwa bampa. Hakukuwa na mkwaruzo. Akajaribu la mwisho.

"Lakini alikimbiza, ama namna gani? Semeni ukweli, abiria."

Mama mwenye kapu akaliinua kupitia dirishani. "Kukimbiza? Huyu madam amepunguza kwa kila tuta. Angalia."

Akachomoa yai kutoka chini ya kuku. Lilikuwa bado na joto.

"Ametaga tukiwa njiani," akasema. "Huyu kuku wangu, nyumbani mtu akikohoa tu anaahirisha."

Mzee Abner alilipokea lile yai, akaliinua juu ili kijiwe chote kilione. "Amina," akasema.

Sijawahi kusikia benchi likishangilia vile. Mheshimiwa alimpa Gladys mkono kana kwamba yeye ndiye aliyemteua. Obwocha alisimama akikuna kichwa, akitazama chini. Kisha akamwendea mkewe. Hakuzoea kusema mambo kama yale mbele za watu, na yalimtoka kwa shida.

"Mama Kwamboka, leo nimetukanwa huko njiani kwa maneno yangu mwenyewe." Akakohoa. "Ufunguo uko kwa gari. Ni wako pia."

Nyanchama alifungua kabati, akatoa leseni katikati ya mandazi, akaipangusa sukari kwa aproni. Akaivua ile aproni, akamtupia Mheshimiwa, maana chai ilikuwa inachemka na ni lazima mtu aiangalie. Gladys akashuka, Nyanchama akapanda. Alisogeza kiti, akarekebisha kioo, akapumua.

"Wa Nyacheki mko tayari?"

"Tuko!"

Obwocha alizunguka mbio kwenda mlango wa mbele. Abner akamzuia kwa kiganja.

"Huku kumejaa, tata. Jaribu buti."

Basi Obwocha akapanda buti la gari lake mwenyewe, akakunja magoti kati ya mikungu miwili ya ndizi. Probox likaondoka taratibu, laini kabisa, kuelekea Nyacheki. Sisi tukalisindikiza kwa makofi, na bado halijafika kwenye kona tukasikia sauti ikitoka nyuma kabisa, katikati ya ndizi:

"Mama Kwamboka! Gia ya tatu! Weka ya tatu!"

Na ya Nyanchama ikamjibu kutoka mbele, imetulia kama maji ya mtungi:

"Abiria wa nyuma, tafadhali usimsumbue dereva."