Atorni na Bibi wa Kandambili

Crispulo Dimaculangan hakuwahi kusoma sheria hata siku moja, lakini Jengo la Remedios zima, pale Quiapo jijini Manila, lilimwita Atorni, yaani wakili, naye hakuona sababu ya kumsumbua mtu kwa kumsahihisha. Kibanda chake kilikuwa ghorofa ya tatu, jirani na choo cha wanaume, mahali ambapo harufu iliwasaidia wateja kuamua haraka. Hapo aliuza magemu ya kompyuta yaliyopakuliwa bure mtandaoni na kupangwa kwenye flashi ndogo za rangi mbalimbali, kama peremende.

Neno "wizi" lilimkera. Mteja mwenye roho nyepesi akiuliza kama biashara hii haina kesi, Atorni alikunja mikono kifuani na kutoa somo.

"Sikiliza, mwanangu. Nikichukua baiskeli yako, unabaki huna baiskeli. Nikinakili gemu la mtu, mwenyewe anabaki nalo. Sasa hapo aliyeibiwa ni nani?"

"Lakini sheria, Atorni..."

"Sheria inasema ukilifuta ndani ya saa ishirini na nne, ulikuwa unaonja tu."

"Na nisipolifuta?"

"Basi unaonja polepole."

Hakuna bunge lililowahi kupitisha sheria hiyo, si Manila wala kwingineko, lakini wateja waliondoka na dhamiri safi na flashi mfukoni, na kwa bei ile, dhamiri walipewa kama nyongeza.

Septemba hiyo, nyimbo za Krismasi zilipoanza kupigwa madukani kama ilivyo desturi ya Ufilipino, kila mtu alikuwa na wazimu wa aina moja. Kulikuwa na kionjo cha dakika tatu kimesambaa kwenye simu za watu: gemu liitwalo *Lola Ruping*, yaani Bibi Ruping. Ajuza mmoja mwenye mgongo wa kupinda anawafukuza mazimwi, wale aswang wa kunyonya damu, kati ya makaburi na mashamba ya mpunga, na silaha yake ni kandambili ya mguu wa kulia. Akiitupa inazunguka, inampiga zimwi kisogoni, inamrudia mkononi. Nani Manila hajawahi kupigwa na bibi yake kwa kandambili? Watu walilitaka gemu hilo kama hewa. Tatizo ni kwamba halikuwa limetoka, na hata wezi wa mtandaoni, watu wachapakazi sana, hawakuwa nalo.

Siku moja mvua ikimwagika, Atorni alikuwa chini kwa Aling Bebang, mama muuza uji, akila uji wa mchele wenye tangawizi, akamsikia msichana wa meza ya pili akizungumza kwa simu.

"Mama, limekwisha, bado kulipiga msasa tu. Lakini nikilitoa leo, kesho liko mtandaoni bure. Lola Ruping nimemtengeneza miaka minne, Mama, nimeharibu macho. Halafu nani atanilipa?"

Kijiko cha Atorni kilisimama hewani. Alisogeza kiti. Akakisogeza tena.

"Samahani, binti," alisema simu ilipokatwa. "Nimesikia bila kukusudia."

Msichana alimtazama. Alikuwa mwembamba, na miwani yake ilikuwa imefungwa gundi pembeni. Alijitambulisha kwa jina la Analyn Barrameda.

"Mimi ni Atorni Dimaculangan. Mtetezi wa wabunifu." Alitikisa kichwa kwa uchungu mkubwa. "Wizi wa kazi za watu, binti yangu! Nchi inaangamia. Mimi usiku silali."

"Kumbe kuna mtu anajali?" Analyn alivuta kiti chake karibu. "Hebu niambie, Atorni. Hawa wezi huwa wanafanyaje?"

Ukimwuliza mpishi habari za mchuzi wake, hatakujibu kwa ufupi. Atorni alieleza mpaka uji ukapoa. Alieleza kwamba siku ya kwanza ndiyo yenye faida, kwamba mwizi hodari hategemei kibanda chake peke yake bali anawauzia na wenzake wa masoko ya Cubao na Divisoria, na kwamba mwizi mwenye akili hachezi magemu anayouza, maana kucheza kunapoteza muda wa kuuza.

"Hachezi hata kidogo?"

"Anafungua aone kama linawaka, basi."

"Na wateja hawaogopi kesi?"

"Wanaambiwa wakifuta ndani ya saa..." Atorni alipaliwa na tangawizi. "Nasikia ndivyo wanavyoambiwa. Sijui. Mimi najua upande wa haki tu."

Dawa, alisema, ilikuwa moja. Analyn ampe nakala kamili ya gemu, naye ataiweka kwenye kabati la chuma la serikali, pamoja na muhuri, ili mwizi yeyote akijitokeza akutane na sheria uso kwa uso. Malipo? Atorni aliweka mkono juu ya tai yake. Kwa msanii maskini, hakuwa na moyo wa kudai malipo.

Analyn alifuta miwani, na pengine na macho. "Nipe muda nilimalizie, Atorni. Nataka nikukabidhi kitu kizuri."

Muda huo ulifika katikati ya Novemba, na kabla ya hapo Atorni alikula uji mwingi kuliko alivyokula utotoni, kila mara akimtia moyo msichana asikate tamaa. Hatimaye Analyn alimkabidhi flashi iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni, kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto kwa daktari.

"Hakuna mtu mwingine duniani mwenye nakala kama hii, Atorni."

"Ikilala kwangu, imelala salama."

Alipokuwa akipanda ngazi, maana lifti ilikuwa mbovu, Atorni aliikumbuka ile miwani ya gundi, na kitu fulani kikamchoma kifuani. Alisimama ghorofa ya pili akakichunguza. Akaamua ni tangawizi, akaendelea kupanda.

Kesho yake *Lola Ruping* lilikuwa sokoni.

Foleni ilipita choo, ikashuka ngazi, ikamfikia Aling Bebang, naye akapandisha bei ya uji. Wafanyabiashara wa Cubao na Divisoria walikuja na mifuko. Atorni aliwauzia nakala za jumla, lakini kwanza aliwasimamisha mbele ya picha ya Mtoto Yesu Mtakatifu aliyoitundika ukutani na kuwaapisha, mkono kifuani, kwamba hawatalinakili tena na kumwuzia mtu mwingine. Waliapa kwa sauti nzito. Wengine walifumba macho.

Asubuhi iliyofuata, kibanda cha mkabala, cha Dencio, kilikuwa kinauza *Lola Ruping* kwa nusu ya bei.

Atorni alivuka ujia kwa hatua mbili. "Dencio! Hiyo ni kazi yangu!"

"Umelitengeneza wewe, Kuya, kaka yangu?"

"Nimelitafuta! Nimehangaika! Unajua nimekula uji kiasi gani?"

"Lakini lako si bado unalo?" Dencio alimpa mteja chenji bila kumtazama Atorni. "Mimi nimenakili tu. Aliyeibiwa ni nani?"

Atorni alimwita mlinzi wa jengo na kudai mtu huyu akamatwe kwa kukosa maadili. Mlinzi aliuliza kosa lenyewe linaitwaje. Atorni alifungua mdomo, akaona neno lililokuwa likija, akaufunga.

Mteja wa kwanza kurudi alikuwa Aling Pacing, muuza samaki wa soko la jirani, mwanamke mwenye mikono kama makasia. Alitua kompyuta ya mwanawe juu ya meza ya kibanda, akaifungua.

"Tazama."

"Ina tatizo, mama? Pengine kompyuta yako ni ya zamani..."

"Nimesema tazama."

Kwenye skrini, Lola Ruping alikuwa amemaliza hatua ya tatu. Mazimwi yalikuwa yamelala chali. Lakini badala ya kuingia hatua ya nne, ajuza yule aliketi juu ya kaburi, akapangusa jasho, akamgeukia anayemtazama.

"Mjukuu wangu," alisema kwa sauti ya kikohozi, "ngoja nipumzike, magoti yananiuma. Unajua mimi nimeibwa? Simlaumu mtu aliyedanganywa. Lakini aliyeniiba anauza Jengo la Remedios, Quiapo, ghorofa ya tatu, kibanda cha jirani na choo. Anajiita Atorni. Nenda ukadai haki yako. Na hii mpelekee."

Akavua kandambili, akaitupa. Ilizunguka ikijaza skrini nzima, na gemu likazima.

Atorni alikuwa amelijaribu gemu hilo mwenyewe! Alilifungua, akaona linawaka, akalifunga.

"Mama, haya ni mambo ya kiufundi..."

Aling Pacing aliinama polepole, akavua kandambili yake ya mguu wa kulia.

Sauti zilianza kusikika ngazini. Akina mama walikuwa wanapanda, na wanafunzi, na wale wa Divisoria wenye mifuko, ambao sasa nao walikuwa wamefuatwa na wateja wao. "Kibanda kipi?" mtu aliuliza. "Ni yule pale mwenye tai," alijibu Dencio, ambaye tayari alikuwa ameshusha turubai la kibanda chake na kugeuka mpita njia.

Atorni alikimbilia choo cha wanaume, akajifungia chumba cha mwisho. Alitegemea kwamba wanawake wa Quiapo wataheshimu maandishi ya mlangoni. Hawakuyaheshimu. Kandambili zilinyesha juu ya mlango, nyingine zikadondoka ndani, na mojawapo ilimpata hasa kisogoni.

Kisha pakatulia, na mtu akabisha hodi kwa adabu.

"Atorni, ni mimi, Analyn. Nimewaomba watupishe kidogo."

Alifungua kwa upana wa pua. Msichana alikuwa amesimama akitafuna ndizi ya kukaanga, na miwani yake ilikuwa mpya.

"Binti, kuna watu wabaya wamevunja kabati la serikali..."

"Pole sana. Sasa sikia. Chini kwa Aling Bebang wameketi wanaume wawili wenye mashati ya buluu, wanakunywa kahawa. Unawaona?"

Dirisha la choo lilitazama ua. Atorni alichungulia. Walikuwepo, mashati ya buluu, vifua vipana, na sanduku la chuma miguuni.

"Wakimaliza kahawa watapanda huku," Analyn alisema. "Unaijua sheria ya hakimiliki kuliko mimi. Kuuza nakala za wizi ni faini na jela, na kwa wingi ule uliouza, sijui utatoka lini. Au, tuyamalize hapa hapa. Kila aliyenunua kwako umnunulie gemu halali kutoka kwangu."

"Kwa punguzo la jumla?"

"Kwa bei ya dukani."

Atorni aliukumbatia mkoba wake. Akawatazama wanaume wa buluu. Mmoja wao alikuwa anainua kikombe kumalizia.

"Lakini kwa nini mimi?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake haikuwa ya kuigiza. "Quiapo ina wezi tele."

"Gemu langu la kwanza lilikufa bila kuniletea hata nauli," Analyn alisema. "Nilikuja hapa nikalikuta kwenye meza yako. Mama alikuwa mgonjwa wakati ule. Nilikuuliza, Kuya, huu si wizi? Ukaniambia, si wizi, unaonja. Hata hukunitazama usoni."

Atorni alimtazama sasa. Kisha akafungua mkoba.

Shughuli ilichukua mchana kutwa. Analyn aliketi kibandani, akapokea fedha za Atorni, akawapa watu gemu halali mmoja baada ya mwingine, na wote wakamshukuru yeye. Mkoba ulipokuwa mtupu, aliinuka, akachukua pia kalenda ya ukutani aliyodai inampendeza, akaondoka. Mwezi huo hakuna gemu lililouzika Ufilipino kama lake. Mwandishi mmoja wa gazeti alimwuliza alitumia kiasi gani kujitangaza. Alijibu kwamba alikuwa na mtu wa kujitolea.

Atorni alishuka ngazi na kuwaendea wanaume wa mashati ya buluu, ambao walikuwa wamerudi kwenye kahawa.

"Wakubwa, nimelipa kila kitu. Mmeridhika?"

"Turidhike na nini, bosi?" mmoja alijibu, akilipiga teke lile sanduku la chuma la vifaa. "Lifti yenyewe tumehangaika nayo tangu asubuhi na bado haijapona."

Atorni alikaa chini. Aling Bebang alimletea uji. Alikataa.

Wiki moja baadaye aliingia ofisi ya wakili wa kweli, Bi Escolastica Villaruz, mwenye vyeti ukutani na feni isiyopiga kelele. Atorni hakungoja kukaribishwa kiti.

"Nimeibiwa, Atorni. Kwenye lile gemu la Lola Ruping, hatua ya mwisho, zimwi kuu ni mimi. Sura ni yangu, tumbo ni langu, hata namna ninavyokohoa! Anapigwa kandambili na nchi nzima, nao wanacheka. Mtu amechukua uso wangu bila kuniomba, bila kunilipa. Yaani anakaa chumbani kwake, ananakili jasho la mtu! Hii nchi haina sheria?"

"Sheria ipo," Bi Villaruz alisema, akichukua kalamu. "Inawezekana una kesi. Lakini nitahitaji kuliona hilo gemu lenyewe. Unalo?"

"Ninalo!" Atorni alichomoa flashi mfukoni na kuiweka mezani kwa kishindo. "Hili ndilo halali, zima, mpaka hatua ya mwisho. Nimelinakili kwa Dencio."

Bi Villaruz aliitazama ile flashi. Kisha akaisukuma kwa ncha ya kalamu, polepole, mpaka ikafika ukingoni mwa meza upande wa mteja wake.