Desimali kwa Pishi na Kibaba

Jumatatu, 2 Mei 1960
Mkaguzi wa elimu anakuja Alhamisi! Atasikiliza desimali: darasa langu, Tano A, na la Maalim Badar, Tano B. Atakayemridhisha atakuwa mwalimu mkuu wa skuli yetu ya Gando. Mwingine atahamishiwa Micheweni. Mke wangu, Mwanapili, keshamtangazia mama yake kuwa mkuu ni mimi. Roho i juu juu. Leo nimeuliza ipi kubwa, 0.5 au 0.25. Darasa zima: 0.25, maana ishirini na tano ni nyingi. Nimekwisha!

Jumanne, 3 Mei
Badar amechonga vijiti, kila kimoja kina alama kumi. Upuuzi! Mtoto wa Gando umfundishe kwa vijiti? Dawa ninayo mimi. Nimechukua pishi, kibaba na mchele jikoni kwetu. Kabla ya nukta, pishi. Baada ya nukta, vibaba. Wamefahamu papo hapo! Mjaka, mzito kuliko wote, amesoma 2.3 bila kubabaika: pishi mbili na vibaba vitatu. Mwanapili kauliza atapimia nini chakula. Nimemwambia akadirie kwa macho.

Jumatano, 4 Mei
Nimeiba vijiti vya Badar, nimechemshia chai. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniudhi. Amenikumbusha kwa upole kuwa pishi ni vibaba vinne, si kumi. Wivu mtupu! Nimemjibu kuwa watoto wa hapa wanalijua hilo tangu wananyonya.

Alhamisi, 5 Mei
Mkaguzi kaketi nyuma. Kanzu imenilowa jasho. Akaandika ubaoni: 0.5 + 0.5. Mikono yote juu! Nikamteua Mjaka. Akasimama kifua mbele, akasema mbili nukta mbili. Mkaguzi akauliza nani ana jibu jingine. Hakuna. Wakamweleza wote kwa pamoja kuwa vibaba kumi ni pishi mbili na vibaba viwili, Bwana, hata ukipima mwenyewe. Mkaguzi akanikazia macho. Nikababaika, nikampimia. Mchele ukatimia sawasawa.
Tano B walijibu moja. Kumbe Badar alichonga vijiti vingine.

Jumamosi, 7 Mei
Badar ndiye mkuu. Mimi Micheweni. Mwanapili hana uso wa kumtazama mama yake. Nimelia kidogo, chooni. Badar kaja kuniaga, kanipa kijiti chenye alama kumi kinisaidie huko. Nimekitumia kukazia kamba ya mzigo.
Kosa langu nimeliona: vibaba vinne ni vichache mno. Huko nitafundishia boriti: huhesabiwa kwa korja, ishirini ishirini. Ishirini ni kumi mara mbili. Watoto wa Micheweni watafahamu desimali mara mbili ya watoto wa Badar!