Matumbo ya Kireno kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Februari 1999. Lewisville.

Mke wangu Lubna bado yuko Sharpstown, Houston, kwa mama yake. Na kosa langu? Kusoma vitabu! Nilisema tu, kwa heshima zote, kwamba matumbo na maharage ya mama yake, Bi Hamdiya, ni mapishi ya Kireno. Wareno walikaa Mombasa karibu karne nzima. Watuachie hata neno "meza", wasituachie cha kuweka juu yake? Mama mkwe akauliza kama babu zake waliwatimua Wareno Ngomeni ili yeye aje kuwapikia Texas. Mke wangu akafunga sanduku.

Kuomba radhi kwa kusema kweli? Kamwe! Nitapika chungu chenyewe cha Kireno. Akionja, atakiri.

Jumatano, 3 Februari

Shemeji Hemed, kaka wa Lubna, atamleta yeye na mama yao Jumamosi. Lubna kanipa masharti kwa simu: pika, karibisha, nyamaza. Mama akila akaridhika, yeye atabaki. Nikitamka neno moja la Wareno, anarudi Houston, na safari hii nisimfuate. Nimeapa. Rahisi!

Alhamisi, 4 Februari

Matumbo nimenunua bucha kwa Shuaib, Carrollton. Machafu, ya kukwangua. Yale meupe ya supamaketi ni ya waoga. Maji ya moto, ndimu, kisu. Harufu! Jirani Clothilde, Mkongomani, akabisha hodi: "Papa, kuna mutu alikufa humu?" Nikaanza kumweleza historia. Alijifungia kwake kabla sijafika karne ya kumi na saba.

Kikwazo: Wareno hutia soseji ya nguruwe. Astaghfirullah. Nimechukua ya ng'ombe, halali, kwa Shuaib huyo huyo. Lakini Hemed akiiona karatasi yake iliyoandikwa "halali" atasema chungu si cha Kireno. Nimeitupa jalalani nje. Ushahidi umekwisha. Akili ni mali!

Jumamosi, 6 Februari

Wamefika. Sanduku la Lubna limewekwa mlangoni, halijaamua.

Mama mkwe hali mbele ya mkwewe, ndiyo desturi. Wanawake wakaingia chumbani na sahani, mlango ukafungwa. Mimi na Hemed sebuleni. Natega sikio. Kijiko. Kijiko tena. Jasho hadi visiginoni.

Mlango ukafunguka. Lubna, sahani tupu mkononi! Mama anasema aongezewe, na mchuzi usiwe haba. Akatabasamu. Akalisukuma sanduku ndani kwa mguu. Nikamjazia sahani, akarudi chumbani. Sikusema neno! Shujaa!

Ndipo Hemed, mdomo umejaa, akasema si kibaya, ila Mreno hapa hayumo, hiki ni chungu cha mama.

Nani angevumilia? Nikasimama mlangoni mwa chumba nikatangaza: ni cha Kireno kitupu! Kama wapikavyo wenyewe! Sijabadilisha kitu!

Kijiko kikaanguka. Sauti ya mama mkwe, polepole: "Mwanangu, soseji hii ni ya nini?"

Ya ng'ombe, mama! Halali!

"Si umesema hukubadilisha kitu?"

Nikakimbilia jalalani kuitafuta ile karatasi. Tupu, gari la taka limeshapita. Niliporudi, mama mkwe alikuwa bafuni akisukutua na kunisomea dua mbaya kwa zamu. Lubna alibeba sanduku mwenyewe. Hakugeuka.

Jumatatu, 8 Februari

Allah ni mkubwa! Hemed kampigia Shuaib, Shuaib kaapa soseji ni yake. Lubna kapiga simu, sauti laini. Mama ametulia, hata amecheka. Amehukumu kwamba chungu ni chake tangu mwanzo, ila kimepotoshwa kwa soseji. Nimfuate mke wangu Jumamosi, niombe radhi kwa kumtisha mama, ninyamaze. Nimeapa tena.

Chungu ni chake! Haya. Sitabisha. Nimejifunza. Vitabu nimepakia kwenye buti la gari vichache tu, njia ya Houston ni ndefu. Wareno sitawataja kabisa.

Nitamweleza tu biriani yake ilikotoka.