Vita Yangu na Vitabu vya Wamaza

Jumatatu, 9 Machi
Leo orodha ya maktaba yetu imehamia mtandaoni. Mama Marcelline, mkubwa wetu hapa Kasongo, ameweka tableti juu ya meza na sote tumevua kofia kama kanisani. Kisha akatangaza: atakayejifunza vizuri hadi Ijumaa ndiye atakayepewa chumba kipya cha kusomea kule Salamabila. Mkubwa wa chumba kizima! Mimi, Magloire, niliyepanguza vumbi la vitabu ujana wangu wote! Nafasi hiyo ni yangu. Tatizo ni Nsimire, anayetunza vitabu vyetu kule kijijini Wamaza. Vidole vyake vina mbio.

Jumanne, 10 Machi
Somo la kwanza. Mwalimu Christophe yuko Kindu, lakini uso wake uko mezani petu, unacheka! Mwili umenisisimka. Mwalimu akiingia, mtu mwenye adabu husimama. Nikasimama, mikono nyuma, nikangoja aniambie nikae. Hakuniambia. Somo zima nimelisikiliza wima. Mwishoni akauliza kwa upole ule mkanda ni wa nani, maana tangu asubuhi anafundisha mkanda wa suruali. Nsimire, naye kwenye kioo, amecheka mpaka machozi.

Jumatano, 11 Machi
Ajabu! Nilikuwa naitazama orodha, herufi zikaanza kujiandika zenyewe. Hesabu, darasa la tano. Kilimo cha maharagwe. Nimeruka kitini. Mama Marcelline akaeleza kwamba ni Nsimire, anaandika akiwa kwake. Njia ya Wamaza siku hizi abiria ndiye anayeivuta pikipiki matopeni, na maneno ya dada huyu yanafika bila tope hata moja! Nimetazama mpaka chai ikapoa.

Kisha wivu ukanishika. Yeye ameandika kabati zima, mimi nusu rafu. Wenzangu walipokwenda kula, nimelifunika jicho la tableti kwa kipande cha kitenge ili isinione, nikafuta vitabu vyote vya Wamaza. Kazi safi. Nimekula vizuri sana.

Alhamisi, 12 Machi
Vimerudi! Vyote, kila kimoja mahali pake, hata maharagwe. Christophe amebonyeza mara moja tu. Nyumba ikiungua hupati hata kijiko, na chombo hiki kimerudisha kabati zima! Nimekitazama mdomo wazi. Nimeogopa, na nimefurahi pia, sijui kwa nini.

Mama Marcelline anasema Nsimire alilia kwenye simu, akidhani ni yeye aliyeharibu kazi ya watu. Hilo sikulitaka. Nimeona haya kidogo.

Ijumaa, 13 Machi
Aibu tupu. Kumbe kila mtu huingia kwa jina lake, na chombo hutunza kila anachofanya. Christophe akatufungulia ukurasa huo. Magloire amefuta. Magloire amefuta. Magloire amefuta, mpaka chini. Na jicho nililifunika! Shahidi wa namna hii sijawahi kumwona, hahongwi wala hasahau.

Mama Marcelline akausoma kila mstari kwa sauti. Nsimire hakucheka safari hii.

"Papa Magloire," akauliza, "vitabu ya Wamaza ilikukosea nini?"

"Haina kosa, dada," nikajibu. "Kosa iko kwangu."

Mama Marcelline ameamua: Salamabila ni ya Nsimire. Mimi nitakuwa mwanafunzi wake, kila Jumatatu.

Jumamosi, 14 Machi
Nimefikiri asubuhi nzima na kosa langu nimeliona. Sikujua kulificha jina! Chombo chenye uwezo kama huu hakiwezi kukosa dawa ya jambo dogo hivyo. Nimemwandikia Christophe, nikamwuliza kwa heshima mtu afanyeje ili aguse kazi ya mwenzake bila kujulikana. Ili nijibiwe haraka, nimeliweka swali kwenye ukurasa wetu wa wote.

Nsimire ndiye wa kwanza kulisoma. Dada huyu ana bidii kweli.